Siku Vigingi Vyetu Vilipozua Rashi

Vijana, mkinikuta sokoni hapa Shinyanga nachagua nyanya, nawaomba sana, msiniulize dunia itagongwa lini. Nimestaafu. Zamani nilikuwa najibu kwa adabu, na michoro juu. Siku hizi nikichoka najibu, "Jumatatu." Mama mmoja muuza nyanya alinisikia, akanipa fungu zima bure kwa huruma, na jioni akaja nyumbani na mchungaji wake tuombe. Ilibidi nieleze yote upya, tena huku nawakaangia mayai.

Kwa hiyo maswali yote nayajibu hapa mara moja. Nyinyi mnaoanza kazi pale kituoni msome vizuri, maana sina mpango wa kurudia.

Mimi ni Mama Limi, mzaliwa wa Mhunze, Kishapu. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa fundi katika kituo kidogo cha anga nje ya mji: darubini moja kubwa, chumba chenye paa la kusukuma, kompyuta, na choo ambacho mlango wake haujawahi kufunga vizuri mpaka leo. Kazi yetu ilikuwa kufuatilia asteroidi, yaani mawe yanayozunguka jua kama dunia inavyolizunguka, na hasa yale ambayo njia yake inapita jirani na yetu. Hatuyavuti, hatuyasukumi, wala hatuyaombei mabaya. Tunapima yalipo leo, tunawatumia wenzetu wa nchi nyingine, nao wanatutumia vipimo vyao, na kwa pamoja tunajua mwakani yatakuwa wapi. Jiwe likishaingia hewani likawaka, hicho sasa ni kimondo, na kukiona ni kuchelewa kunipigia simu.

Neno la kwanza litakalowatesa ni "karibu". Sisi jiwe likipita mbali kuliko mwezi, tunaandika bila aibu kwamba limepita karibu. Mama yangu, Mungu amrehemu, nilimwambia hivyo siku moja, akakimbilia nje kuangalia bati. Nikamweleza kwamba limepita mbali kuliko mwezi. Alinitazama weee, kisha akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kama huo ndio ukaribu, basi na mimi nimeolewa karibu na Ulaya." Tangu siku ile, nikipewa kipaza sauti redioni, sitamki "karibu" kabla sijautaja mwezi. Sema hivi: mwezi uko pale, jiwe litapita nyuma yake. Watu watashusha pumzi na kurudi kwenye ugali wao.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Rwegasira, Mhaya wa Bukoba, mrefu, shati limenyooshwa pasi hata siku ya kupanda darini kufukuza popo. Haanzi sentensi bila kukohoa, ili mjue kuna sentensi inakuja. Siku yangu ya kwanza nilikuja na sweta na chupa ya chai, nikijua nakwenda kutazama nyota. Akaniketisha mbele ya kompyuta, asubuhi kweupe, jua linawaka. Akanifungulia picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa na darubini usiku, zinapishana kwenye kioo moja baada ya nyingine.

"Tazama," akasema.

"Nitazame nini?"

"Kisichotulia."

Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Nyota zote palepale, kama mchanga uliomwagwa. Akakohoa. "Wewe si umekulia nyumba yenye ng'ombe?"

"Wengi tu."

"Zizi zima limelala, mmoja anainuka. Macho yako yanakwenda wapi?"

Hapohapo nikakiona: kidoti kimoja kinahama kidogo kutoka picha hii hadi ile, kinakatiza katikati ya nyota zilizosimama. Nilipiga kigelegele, vijana, ofisini, siku ya kwanza ya kazi. Ilikuwa asteroidi inayojulikana siku nyingi, lakini mimi nilijisikia nimeizaa.

Basi nikajitia ujuzi. Wiki haijaisha nikaona kidoti ambacho hakuna aliyewahi kukiripoti. Kinatembea, tena kwa kasi. Rwegasira alikuwa amekwenda mjini, na mimi nikashindwa kumngoja, nikampigia simu baba. Baba naye hakuuliza mara mbili, akachinja beberu. Watu wa Mhunze wakala supu ya asteroidi ya binti yao. Rwegasira aliporudi nilimvuta mkono mpaka kwenye kompyuta. Akainama, akakohoa, akapuliza kioo. Asteroidi yangu ikaruka, ikatua kwenye ukingo wa kikombe cha chai. Kale kadudu kalikuwa kadogo kuliko mbegu ya ufuta. Nikampigia baba simu tena kwa sauti ya mgonjwa. Baba akasema, "Beberu ameshaliwa. Wewe tafuta jiwe lingine."

Ndiyo maana nawaambia, ukiona kitu kipya, kwanza futa kioo. Halafu ngoja picha za kesho. Kama ni jiwe kweli, kesho litakuwepo, kwa kuwa halina pa kujificha.

Mengine ya kazi ni madogo, lakini ndiyo yanayowaumbua watu. Kabla hujaielekeza darubini popote, ligonge bomba lake kwa kiganja, kisha rudi nyuma haraka. Nyigu wa Shinyanga wanaipenda darubini kuliko nyinyi mnavyoipenda. Vumbi la kiangazi ondoa kwa brashi laini. Mimi ni mtu wa kanga kuanzia kichwani mpaka miguuni, lakini kanga kwenye kioo cha darubini inakwaruza. Taa iwe nyekundu na hafifu. Na saa, jamani, saa! Kipimo bila saa sahihi ni umbea. Jiwe linakwenda kasi ajabu, ukikosea kidogo tu umelihamishia wilaya nyingine. Ule msemo wa nyota njema kuonekana asubuhi, kituoni kwetu tulikuwa tunaucheka. Ukiona nyota asubuhi, umesahau kwenda kulala.

Haya, nije kwenye lile ambalo nimewekewa kalamu mkononi kwa ajili yake.

Bwana Rwegasira alikuwa amefuatilia mawe maisha yake yote. Kitu kimoja tu hakuwa amekipata, nacho ni kivuli. Nitawaeleza polepole. Asteroidi ikipita mbele ya nyota, nyota ile inazimika, halafu inawaka tena, chini ya muda wa kupepesa jicho. Maana yake kivuli cha jiwe kimepita juu ya ardhi bila kupiga hodi. Na kwa kuwa nyota iko mbali mno, kivuli hicho kina upana uleule wa jiwe lenyewe. Aliye ndani ya kivuli anaona nyota ikizimika. Aliye nje, hata awe jirani wa kuombana chumvi, haoni kitu. Kwa hiyo unapanga darubini ndogo kwenye mstari unaokatiza njia ya kivuli, kila moja na kamera yake na saa yake, unangoja. Baadaye unaangalia nani nyota imemzimikia na nani haikumzimikia, na hapo unajua jiwe lilipita wapi, kwa uhakika ambao darubini yetu kubwa haiwezi kukupa hata ikeshe mwezi mzima.

Alikuwa amejaribu mara kadhaa. Mara wingu, mara kivuli kimepita kando, mara upepo umetikisa darubini zote picha zikawa uji. Mara moja kila kitu kilikuwa sawa, ila watu wa jirani walisikia habari wakaja kutazama na matochi yao, mwanga ukaharibu yote. Na sasa macho yalikuwa yanamwishia. Presha ya macho, na daktari alishamwambia kwamba dawa zinazuia tu, kilichokwenda hakirudi. Alikuwa anaona mwanga na maumbo makubwa. Mimi alinitambua kwa sauti, na sauti yangu, namshukuru Mungu, haijawahi kukosekana.

Kustaafu kwake kulikuwa mlangoni. Siku moja nikiwa nampa chai, alikohoa, akasema, "Mama Limi, ningependa kivuli kimoja kabla sijarudi Bukoba. Kimoja tu." Alisema vile anavyosema mtu anayeomba sukari. Niliweka birika chini, nikaenda kulia kule chooni, mlango nimeushikilia kwa mguu.

Mungu si Athumani. Miezi michache baadaye wenzetu wa nje wakatutumia taarifa: kivuli cha jiwe moja dogo kingepita upande wetu wa magharibi, mashambani kati ya Ushirombo na Bulyanhulu, giza likishaingia tu, watu wakiwa hawajala. Tena halikuwa jiwe la kupuuza. Lilikuwa limepotea muda mrefu kwenye mwanga wa jua, njia yake ina shaka. Ilijulikana kwamba miaka ijayo litapita jirani nasi. Jirani kiasi gani, hakuna aliyethubutu kusema. Kivuli chake kingetupa jibu.

Tukafunga safari na darubini ndogo kumi na vijana wa chuo wa kuzishika. Tukamkuta mwenye shamba, Mama Kabula, mjane mchangamfu, mahindi ameshavuna, shamba jeupe. "Mwadila," nikamsalimia. Akatupa uji wa mtama, tukamwomba tuweke vitu vyetu kwa usiku mmoja kwenye shamba lake na la shemeji zake, akasema hana neno. Aliuliza vya nini, nikamjibu ni vipimo vya serikali ya mbinguni, akacheka, yakaishia hapo. Rwegasira alikuwa ametuonya: safari hii hakuna kumwambia mtu, tusijaziwe matochi tena.

Basi tukapima kwa GPS, tukapigilia vigingi kumi kwenye mstari ulionyooka, kila kimoja na utepe mwekundu, vimeachana umbali wa mtu kuita akasikika. Vijana wa chuo wamevaa makoti ya kung'aa. Watu wa pikipiki wakasimama barabarani. "Mama, mnapima nini?" Nikawajibu, "Hakuna kitu." Wakauliza tena. "Nimesema hakuna kitu, ebo!" Tukapanda gari, tukaenda kulala Ushirombo.

Nyinyi mliokulia ukanda wa dhahabu nawasikia mnacheka mpaka huku. Mimi ni mtu wa Kishapu, mtu wa pamba na mtama, na Rwegasira ni mtu wa ndizi. Nani angetuambia? Huku mstari ulionyooka wa vigingi, wenye utepe, uliopigwa na watu wenye GPS wasiotaka kusema wanatafuta nini, maana yake ni moja tu. Mwamba wa dhahabu unapita hapo.

Kesho yake alasiri tuliporudi, nilidhani tumepotea njia. Pikipiki zimejaa, maturubai yamesimama, redio zinaimba, mtu anauza miswaki na betri. Kwenye kila kigingi wamesongamana na sururu, wanachimba, vumbi limepanda juu. Rashi! Rashi ndiyo hiyo, watu wakisikia dhahabu imeonekana mahali, wanahama na vyungu vyao kabla ya jua kupanda. Na katikati ya rashi, amefunga kanga kiunoni, Mama Kabula anageuza chapati.

Aliponiona alininyooshea mwiko. "Mama Limi! Nimekupa uji wangu, wewe unanificha dhahabu shambani kwangu mwenyewe! Ungeninong'oneza, si ningejikatia duara langu la kuchimba mapema?"

"Mama Kabula, hakuna dhahabu hapa."

"Hata mwenyekiti amesema ungesema hivyohivyo."

Rashi haina serikali lakini ina mwenyekiti. Wa rashi ile alikuwa Marwa, Mkurya wa Tarime, kifua kama mlango, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Yeye ndiye anayegawa nafasi, nani achimbe wapi, na neno lake halipingwi. Nikamfuata mbio. Nikamweleza ukweli wote: jiwe angani, nyota, kivuli, vigingi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akacheka mpaka akashika magoti.

"Shikamoo mama," akasema alipopata pumzi. "Nimedanganywa na watu wa kila aina kwenye kazi hii. Lakini kivuli cha jiwe la angani, hii ni mpya. Hongera sana."

"Siyo uongo!"

"Mama, jana mliulizwa mnapima nini mkafunga midomo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mngekuwa hamna kitu, si mngesema tu?"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia maneno, mengine ya Kisukuma, na nashukuru hakuyaelewa. Jua lilikuwa linashuka. Kila mchimbaji alikuwa na taa ya kichwani tayari kwa usiku, vumbi lilikuwa limetanda kwenye anga yetu yote, na mimi namwona Rwegasira amesimama kando ya gari, ameshika fimbo, uso ameuelekeza kwenye kelele. Nilijua anachowaza. Hakukuwa na kivuli kingine kabla ya Bukoba, na hata kingekuwepo, macho yasingekingoja. Nilitamani kuketi chini nilie, lakini safari hii hakukuwa hata na choo.

Yeye akaja taratibu, anapapasa kwa fimbo. Akakohoa. Marwa akainua kichwa, sijui kwa nini. Labda alihisi sentensi inakuja.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ni mzee, macho yangu yamekwisha. Naomba uniazime rashi yako kwa muda mfupi. Zima taa, weka sururu chini. Tunakuonyesha nyota moja. Ikipita bila kuzimika, sisi ni waongo, chimbeni mpaka Kongo."

"Na ikizimika?"

"Haitazimika kwa wote. Wengine kwenye mstari huu itawazimikia, na wengine haitawazimikia."

"Nani itamzimikia?"

"Ningejua, nisingekuja. Nimetafuta hilo maisha yangu yote. Naweka mstari, nangoja, na kila mara nakosa."

Marwa alimsogelea mzee. Kicheko kilimtoka usoni kabisa. Maneno yale aliyajua kuliko sisi. Mstari mmoja wa mwamba, maduara kumi. Hili linatema dhahabu, la jirani halitemi, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini. Mtu anachimba miaka, anaweka, anangoja, anakosa.

"Mara ngapi umekosa, mzee?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Zote."

Marwa akageuka. Sauti aliyoitoa hapo, ng'ombe wa wilaya nzima ya Bukombe waliinua masikio. "Zima taa! Sururu chini! Anayewasha hata kiberiti, nafasi yake nampa mwingine! Mzee anataka duara lake liteme!"

Hamtaniamini: zilizimika zote. Redio zikakatika. Mama Kabula akafunika jiko kwa sinia. Vumbi likaanza kutua.

Tukakimbia na darubini. Hapo upepo wa kiangazi ukaanza, ule wa jioni unaopeperusha hata mawazo, miguu ya darubini inatetemeka, nyota kwenye kioo zinacheza. Nikasema basi, tumekwisha, uji tena. Kijana mmoja wa chuo, bila kumwuliza mtu, akaishusha darubini yake ndani ya shimo la wachimbaji. Shimo lilikuwa limeshafika kiunoni. Mle ndani upepo haugusi. Nyota ikatulia tuli. Tukashusha zote, na wachimbaji wenyewe wakashuka kutupokelea miguu, wakasawazisha chini kwa sepetu vizuri kuliko fundi wa msingi wa nyumba. Niliyekuwa nawatukana saa moja iliyopita, sasa nilitaka kuwabusu. Mashimo yale hatukuyaomba, wala tusingepata fedha ya kuyachimbisha.

Giza likaingia. Watu wakajipanga kuzunguka kila shimo, vichwa vimeinamia kioo kidogo cha kamera, nyota moja katikati. Mimi na Rwegasira tulikuwa kigingi cha kwanza. Nikamwambia nitamhesabia. "Usinihesabie," akasema. "Nyamaza tu, kama unaweza." Nikaweza. Umati wote ule, na palikuwa kimya hata mtoto mchanga alipopiga chafya kule kwenye chapati sote tulimsikia.

Naruka mbele kidogo niwatoe wasiwasi. Vipimo vya usiku ule tulivituma, wenzetu wakapiga hesabu upya, na shaka ikaisha. Jiwe litarudi, litapita nyuma ya mwezi, litakwenda zake. Watoto wenu watalipungia mkono. Mashimo yalifukiwa kesho yake kwa amri ya Marwa, isipokuwa moja ambalo Mama Kabula alikataa lifukiwe, kwa ajili ya bata wake. Chapati ziliisha zote. Rashi ikahamia kwingine na watu wakiwa wanacheka, na nasikia machimboni mpaka leo duara likigoma kutema wanasema, "Linamngoja Mhaya." Na nyinyi, kabla hujapigilia kigingi kwenye ardhi ya watu, waeleze, hata kama hawatakuamini. Ukiulizwa ukanyamaza, watu watajijibu wenyewe, na jibu lao lina sururu.

Sasa turudi shimoni.

Nilikuwa nimekodolea kioo chetu. Nyota inawaka. Inawaka. Saa ikafika, na nyota ikaendelea kuwaka kama vile haina habari nasi. Jirani yangu mchimbaji akanong'ona, "Hapa bado inawaka." Nikahisi mkono wa Rwegasira umeushika wangu, kisha ukalegea. Sikuweza kumtazama.

Halafu sauti ikatufikia, kwa mbali, imechelewa kidogo kwa sababu ya umbali. Mtu mmoja kwanza, kisha watu wengi kwa pamoja.

"Imezimika!"

"Limetema! Limetema!"

"Hata kwetu! Mama yangu, imezimika hata kwetu!"

Na huku karibu yetu kigingi cha pili na cha tatu wanalalamika, "Huku haijazimika, huku bado!" na kutoka mwisho kabisa wa mstari mtu anatukana kwamba kaonewa. Nilianza kuruka. Nilipiga vigelegele, Mama Kabula akavidaka, akina mama wote wakavidaka, na yule mchimbaji jirani yangu akanikumbatia na vumbi lake lote. Nikageuka kwa Rwegasira. Alikuwa amesimama wima, kichwa amekiinamisha upande mmoja, machozi yanamtiririka, na midomo inacheza. Alikuwa anahesabu zile sauti.

"Marwa!" akaita. Sikujua ana sauti kubwa namna ile. "Kuanzia wapi?"

Marwa akaukimbia mstari akiuliza shimo kwa shimo, na jibu likarudi likivuma gizani. "Kigingi cha nne hadi cha saba, mzee! Wengine wote hakuna!"

"Nipeleke cha nne," Rwegasira akaniambia.

Nikamshika mkono tukaenda polepole, tukikwepa mashimo. Tulipofika cha nne akautoa mkono wangu. "Hapa niache."

"Bwana Rwegasira, kuna mabonge, utaanguka."

"Niache, Mama Limi."

Akaanza kutembea peke yake, fimbo mbele. Marwa akaelewa kabla yangu. Akawaambia watu wa cha tano waite, wakaita, "Huku, mzee, huku!" naye akafuata sauti zao. Alipowafikia wakanyamaza, wa cha sita wakapokea, "Njoo, mzee, njoo!" Watu walijipanga pande zote mbili, wakiondoa sururu njiani mwake, hakuna aliyemgusa. Ilimchukua muda. Wa cha saba walipokuwa wanamwita alikuwa anahema, lakini hakusimama mpaka fimbo yake ilipogonga kigingi.

Akakipapasa kile kigingi, utepe na vyote. "Ndilo hili jiwe," akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote. "Nimelitembea ukingo hadi ukingo."

Nikamfuata nikidhani sasa anataka kiti na maji. Akakohoa, akageuka, akaanza kurudi kuelekea cha nne. Nilipomwuliza anakwenda wapi tena, akaniambia mara ya kwanza alikuwa na haraka.